Kabla ya Jiwe la Msingi, Tuujue Udongo

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na marafiki wote mnaoiunga mkono kazi hii,

Maombi ya miradi ya ujenzi yanayofika ofisini kwetu yanafanana sana. Yanakuja na ramani ya jengo, hesabu ya mifuko ya saruji, nondo, mbao na bati, idadi ya matofali ambayo washarika wamekwisha kuyafyatua na kuyachoma, na ahadi ya nguvu kazi. Tunamshukuru Mungu kwa moyo huo. Lakini kuna jambo moja ambalo maombi mengi hayalitaji kabisa, nalo ni hili: jengo hilo litasimama juu ya udongo gani?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Katika eneo letu la Shinyanga na Simiyu, udongo ndio unaoamua kama kuta za nyumba ya mchungaji zitapasuka au hazitapasuka, kama choo cha shule ya chekechea kitafurika masika, na kama bustani ya kina mama itatoa mboga au itakauka. Katika makala hii tunaeleza kwa nini iko hivyo, na ni vipimo gani kamati inaweza kuvifanya yenyewe kwa jembe, ndoo na glasi mbili. Tunaeleza pia, kwa ajili ya wahisani wetu, kwa nini sehemu ya sadaka zao inapaswa kuzikwa ardhini mahali ambapo hakuna kamera itakayoiona.

MNYORORO WA UDONGO

Anayetembea kutoka kwenye vilima vya mawe kwenda bondeni katika nchi ya Wasukuma hukuta udongo ukibadilika chini ya miguu yake, tena kwa mpangilio uleule kila anapovuka kilima kingine. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuona mpangilio huo sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1935 aliupa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo linatumika hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani.

Wakulima wetu hawakumsubiri Milne. Wana majina yao ya siku nyingi kwa kila pete ya mnyororo huo. Chini kidogo ya mawe, kwenye mteremko wa juu, upo udongo wa kichanga unaoitwa luseni. Ni mwepisi, rangi yake ni ya kijivu au kahawia hafifu, na maji hupita ndani yake kwa urahisi. Chini zaidi, mteremko unapoanza kulala, unakuja itogolo. Huu una kichanga juu, lakini chini yake limo tabaka gumu lisilopitisha maji. Chini kabisa, kwenye tambarare, iko mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono, na wakati wa masika hunata kwenye viatu mpaka mtu ashindwe kunyanyua mguu.

Kwa kawaida wazee walijenga juu, wakalima na kulisha mifugo chini. Siku hizi ramani imegeuka. Barabara, maduka na nguzo za umeme mara nyingi hufuata tambarare, na watu hufuata barabara. Kiwanja kinachotolewa bure kwa ajili ya kanisa au shule huenda kikawa kile ambacho hakuna mwingine aliyetaka kujenga juu yake. Tushukuru kwa zawadi hiyo, lakini tuichimbe kwanza.

KWA NINI UDONGO WA MBUGA HUVIMBA

Mfinyanzi wa mbuga umeundwa na vipande vidogo mno, vyembamba, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Maji yanapofika, huingia katikati ya kurasa hizo na kuzitanua. Udongo huvimba. Kiangazi kinapofika, maji hutoka, kurasa hukaribiana, na udongo hunywea na kupasuka. Katika nyufa hizo udongo wa juu huangukia chini, na mvua zikirudi hufunikwa humo. Kwa hiyo shamba la mbuga hujigeuza lenyewe polepole mwaka baada ya mwaka.

Hivyo basi, jengo lililokaa juu ya mbuga limekaa juu ya kitu kinachopanda na kushuka kila mwaka. Mwendo huo ni mkubwa karibu na uso wa ardhi. Hupungua kadiri tunavyokwenda chini, kwa sababu huko unyevu haubadiliki sana kati ya masika na kiangazi. Kutegemea mahali, tabaka linalochezacheza linaweza kuwa la mita moja hadi mita tatu.

Tena mwendo huo haulingani chini ya nyumba nzima. Mvua zinapoanza, maji hufika kwanza chini ya kuta za nje, kwa hiyo pembe za nyumba huinuliwa wakati katikati bado pamekavu. Kiangazi mambo hugeuka: pembe hukauka na kushuka, huku katikati, chini ya sakafu, pakibaki na unyevu. Ukuta wa matofali hauwezi kupinda. Hupasuka, na mara nyingi ufa huanzia kwenye kona ya dirisha au ya mlango na kupanda kwa mshazari. Fundi huuziba kwa saruji, wakafurahi wote, na masika yajayo ufa hurudi palepale. Kuziba ufa ni kutibu homa bila kutibu malaria.

Watu wengine hufikiri kwamba nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili haihitaji msingi wa maana kwa kuwa ni nyepesi. Kwenye mbuga ni kinyume chake. Jengo zito hukandamiza udongo unaovimba, bali jengo jepesi la ghorofa moja lenye bati huinuliwa kirahisi. Majengo yetu mengi ni ya aina hiyo hiyo nyepesi.

KUJENGA

Sote tunaukumbuka mfano wa Bwana Yesu juu ya nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga. Mjumbe mmoja anaweza kusema: basi tuukwepe mchanga. Lakini katika simulizi ya Luka mjenzi mwenye busara hakuokota tu mahali pazuri. Alichimba, akaenda chini, ndipo akaweka msingi mwambani. Kwetu hapa, luseni iliyokaa vizuri na isiyopitiwa na mkondo wa mvua inaweza kubeba nyumba ya kawaida bila matata. Adui wetu mkubwa ni mfinyanzi mweusi ambao kiangazi huonekana mgumu kama jiwe. Ugumu wa Agosti usitudanganye.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Kuhama ni rahisi kuliko kupambana. Mara nyingine kusogeza jengo hatua mia moja kuelekea juu ya mteremko kunatutoa kwenye mbuga kabisa. Kamati ichimbe kabla ya kukubali kiwanja, na ikiwezekana iombe kubadilishana eneo na serikali ya kijiji.

2. Kama hakuna pengine, tuuondoe udongo mweusi. Tabaka jeusi likiwa jembamba, tuchimbe mpaka tufikie udongo mgumu usiovimba. Nafasi ijazwe moramu, ikishindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimeta 15. Tusijaze mchanga mtupu. Mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi hugeuka kuwa beseni: maji ya mvua hujikusanya humo na kuulowesha mfinyanzi kutoka chini.

3. Msingi na ukuta vifungwe pamoja. Mkanda wa zege lenye nondo unahitajika juu ya msingi, na mwingine juu ya milango na madirisha, ukizunguka jengo zima bila kukatika. Kwa jengo kubwa kama kanisa au madarasa, na popote tabaka jeusi lilipo nene, tumwite mhandisi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa ukuta.

4. Maji yakae mbali na msingi. Tuweke mifereji ya bati na tangi la kuvunia mvua, sakafu ya nje kuzunguka nyumba yenye upana wa mita moja au zaidi inayoinamia nje, na mtaro wa kupeleka maji mbali. Kwenye mbuga mambo haya ni sehemu ya msingi, si mapambo ya kumalizia fedha zikibaki.

5. Miti mikubwa isiwe karibu. Mti hunyonya maji kiangazi na kuufanya udongo unywee upande mmoja wa nyumba. Kanuni nyepesi ni kwamba mti uwe mbali na ukuta kwa urefu ule utakaoufikia ukikomaa. Mikaratasi, ambayo wengine huiita mikaratusi, iwekwe mbali zaidi.

6. Msingi uliochimbwa usiachwe wazi kwa majuma mengi ukisubiri saruji. Jua huukausha na kuupasua, na mvua ya ghafla huulainisha. Tuchimbe pale vifaa vinapokuwa tayari.

CHOO NA MAJI TAKA

Sehemu hii ndiyo inayogusa uhai wa watu moja kwa moja. Choo kinachofurika masika hupeleka kinyesi kwenye kisima, na kipindupindu na homa ya matumbo hufuata njia hiyo.

Choo cha shimo hufanya kazi mbili: kuhifadhi kinyesi na kuruhusu maji yake kunywewa na udongo. Kazi ya kwanza ni hesabu. Katika shimo kavu, mtu mmoja hujaza takriban lita 60 kwa mwaka. Katika shimo lenye maji, ambamo kinyesi huoza haraka zaidi, takriban lita 40. Familia ya watu sita itajaza lita 360 kwa mwaka. Shimo la duara lenye upana wa mita moja na kina cha mita tatu, tukiacha nusu mita ya juu bila kujazwa, lina nafasi ya karibu lita 1,960. Litadumu miaka mitano na zaidi kidogo.

Kazi ya pili hutegemea udongo. Kwenye luseni maji hupita vizuri, lakini kuta za shimo hubomoka. Lazima lijengewe kwa matofali au mawe kutoka chini hadi juu: sehemu ya chini viungo viachwe wazi ili maji yapite, na nusu mita ya juu ipigwe saruji ili sakafu ikae imara na maji ya mvua yasiingie. Na kwa kuwa luseni hupitisha maji haraka, choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, kiwe upande wa chini wa mteremko, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kiwango hicho cha maji kipimwe mwishoni mwa masika, si Septemba. Palipo na miamba yenye nyufa, hata mita 30 hazitoshi, kwa sababu maji machafu hukimbia ndani ya ufa bila kuchujwa.

Kwenye itogolo, tabaka gumu huzuia maji yasishuke. Masika maji hukaa juu yake, na shimo hujaa kutoka pembeni. Tabaka likiwa jembamba linaweza kutobolewa mpaka kwenye udongo unaopitisha. Likiwa nene, tuchukue njia ya mbuga.

Kwenye mbuga, shimo la kawaida halifai. Udongo ukivimba huzikandamiza kuta za shimo mpaka zipasuke, na masika kilichomo huelea na kutoka nje. Njia iliyo salama ni choo kilichoinuliwa, ambacho sehemu kubwa ya shimo lake imejengwa juu ya ardhi kwa kuta zisizovuja na ngazi chache za kupandia. Njia nyingine ni choo kikavu chenye vyumba viwili kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kila mtumiaji humwagia majivu, chumba kimoja kikijaa hufungwa, na kwa joto la kwetu kinyesi hicho huachwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuguswa au kutiwa shambani. Choo cha namna hii kinahitaji mafundisho kwa watumiaji, na kamati inayokikubali iwe tayari kuyatoa kila mwaka.

Siku hizi nyumba nyingi za wachungaji na nyumba za wageni zinajengwa na choo cha kuvuta maji na karo. Hapa kuna jambo ambalo halieleweki vizuri. Karo halimalizi maji. Hutenga tope lizame chini na mafuta yaelee juu, lakini lita moja ikiingia, lita moja hutoka. Hiyo inayotoka, ambayo bado ina vijidudu, inakwenda kwenye shimo la kunyonya, na hapo udongo ndio mwamuzi.

Tufanye hesabu. Nyumba ina watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku. Jumla ni lita 300. Mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo katika mchanga inaweza kunywa takriban lita 50 za maji hayo kwa siku, kwa hiyo mita 6 za mraba zinatosha: shimo moja la wastani. Mfinyanzi unaovimba hunywa chini ya lita 10 kwa kila mita ya mraba. Zingehitajika zaidi ya mita 30 za mraba, yaani mashimo matano au zaidi ya ukubwa uleule, na bado masika yasingefanya kazi kwa kuwa udongo wenyewe umeshiba maji. Nyumba ileile na ramani ileile inakuwa na gharama mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana hatuwezi kunakili makisio ya usharika jirani bila kujua udongo wake.

Pamoja na hayo, maji ya mvua ya paa yasielekezwe kamwe kwenye karo wala shimo la kunyonya. Na karo lifunguliwe na kupimwa tope. Kwa kawaida huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Kamati iulize mapema kama gari la kunyonya linaweza kufika.

BUSTANI

Kilicho kibaya kwa nyumba huenda kikawa kizuri kwa shamba. Mbuga ina rutuba na hutunza maji muda mrefu. Ndiyo maana pamba husitawi humo, na dengu hupandwa mwishoni mwa mvua na kukomaa kwa unyevu uliobaki. Tatizo lake ni muda mfupi wa kulima: ikikauka jembe linadunda, ikilowa jembe linanata. Bustani ya mboga kwenye mbuga iwe ya matuta yaliyoinuliwa na mifereji katikati, ili mizizi isizame majini masika. Tuongeze samadi iliyooza vizuri, ambayo kwa wafugaji wetu haina uhaba. Tusijaribu kuilainisha mbuga kwa debe chache za mchanga: mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachofanana na tofali.

Luseni hulimika siku yoyote, lakini ina njaa na kiu. Karanga, mihogo, choroko na viazi vitamu huikubali. Mboga kama mchicha, figiri na nyanya zinahitaji samadi au mboji kila msimu, matandazo ya majani makavu, na vitalu vya kuzama badala ya matuta, ili kila ndoo ya maji ibaki pale mzizi ulipo. Itogolo haifai kwa mboga. Wakulima wetu wameitumia kwa busara kwa majaruba ya mpunga, kwa sababu ileile inayoifanya mbaya kwa choo: haipitishi maji.

Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanaweza kumwagilia migomba na mipapai. Maji ya chooni yasiguse mboga za majani.

VIPIMO VINNE VYA KAMATI

Kwanza, kutazama na kuuliza. Kamati itembelee kiwanja kiangazi ione kama kuna nyufa, na irudi masika ione maji yanasimama wapi. Ikague nyumba za jirani: zimepasuka? Wazee waulizwe: mwaka wa mvua nyingi, kama 1997/98, maji yalifika wapi hapa? Mara nyingi mwenye jibu ni bibi anayelima pembeni ya kiwanja hicho.

Pili, mashimo ya majaribio. Yachimbwe angalau mawili kwenye pembe zinazokabiliana za jengo linalotarajiwa, na moja pale choo kitakapokaa, kila moja kina cha mita mbili. Andika kila tabaka: rangi, ugumu, unene, na kama maji yameonekana. Kwenye kichanga mtu asiingie peke yake, na mashimo yote yafunikwe jioni kwa ajili ya watoto na mifugo.

Tatu, mkono na glasi. Lowesha udongo kiasi, ufinyange, kisha usukume kwa kidole gumba utoke kama utepe. Usioshikana kabisa ni kichanga. Utepe unaokatika kabla ya sentimeta mbili na nusu ni wa tifutifu. Unaopita sentimeta tano ni mfinyanzi. Kisha upime uvimbaji. Chukua glasi mbili zinazofanana, zenye kuta zilizonyooka. Saga udongo mkavu, uchekeche, ujaze glasi ya kwanza kimo cha sentimeta mbili bila kushindilia. Glasi ya pili ijazwe maji, na unga ule umiminwe humo kidogo kidogo. Baada ya saa 24 pima kimo cha udongo uliotulia. Ukifika sentimeta tatu au zaidi, umevimba kwa nusu au kupita, na jengo lisianze kabla ya kupata ushauri wa mhandisi.

Nne, unywaji wa maji. Chimba shimo la upana wa sentimeta 30 kwa kina kile ambacho shimo la kunyonya litafika. Lijaze maji, liache lishibe usiku kucha. Kesho yake mimina maji ya kina cha sentimeta 15, simamisha fimbo yenye alama, na hesabu dakika ambazo maji yanashuka sentimeta mbili na nusu. Yakishuka kabla ya dakika moja, udongo unapitisha haraka mno na visima vilivyo karibu vimo hatarini. Kati ya dakika moja na 60 panafaa. Kadiri dakika zinavyoongezeka, shimo liwe kubwa zaidi. Zikipita 60, shimo la kunyonya lisijengwe hapo.

Vipimo hivi vinachukua siku tatu au nne za kazi ya vijana wa usharika, bila kununua chochote. Havichukui nafasi ya maabara kwa jengo kubwa, lakini vinatuambia mapema lini maabara inahitajika.

NENO KWA WAHISANI WETU

Tunafahamu kwamba mnapowaeleza washarika wenzenu matumizi ya sadaka yao, picha ya bati jipya au ya watoto darasani inazungumza kuliko maneno. Shimo lililojazwa moramu na kushindiliwa halina sura nzuri. Hata hivyo, penye udongo mbaya, shimo hilo ndilo linaloamua kama darasa litakuwepo baada ya miaka kumi.

Tunawaomba mambo matatu. Mkubali mstari wa gharama za uchunguzi wa udongo katika kila mradi wa ujenzi, na mkubali utangulie mistari mingine. Mtuvumilie pale makisio ya usharika mmoja yanapokuwa juu kuliko ya mwingine kwa jengo lilelile. Tutaambatisha taarifa ya mashimo ili muone sababu. Na mturuhusu kubadili kiwanja baada ya vipimo bila mradi kufutwa. Ni heri kuchelewa miezi mitatu kuliko kuwarudia miaka mitano baadaye tukiomba fedha ya jengo lilelile.

Kwa kamati za sharika, tunaomba kila ombi jipya la jengo, choo au bustani lije na ukurasa mmoja wa ziada: mchoro wa kiwanja ukionyesha mteremko, kisima na mashimo ya majaribio, maelezo ya kila tabaka, matokeo ya glasi na ya shimo la maji, na majina ya wajumbe walioshuhudia. Mchoro uonyeshe pia nini kinakaa wapi. Kwa kawaida kisima kiwe juu, jengo kwenye udongo ulio thabiti kuliko wote, choo chini ya kisima, na bustani pale penye rutuba hata kama pengine pangeonekana pazuri zaidi kutoka barabarani.

Kiangazi ndicho wakati wake. Kuanzia Juni nyufa zinaonekana, vijana wana nafasi baada ya mavuno, na mashimo hayajai maji. Usharika utakaochimba kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza utakuwa na majibu mkononi, na mwezi wa nne utabaki na kazi moja tu: kurudi kupima maji ya ardhini yamepanda mpaka wapi. Penye shaka, tuandikieni, nasi tutapanga kuja kuangalia shimo pamoja nanyi.

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.